Gereji ya Wasomaji: Gari linapogoma kuwaka

Barua za safari hii zinafanana. Gari ni la miaka ya tisini, limegoma, na mwenye gari ameshanunua spea mbili tatu zisizohusika. Kabla hujafika kwenye barua inayofanana na yako, jibu swali hili: ukipiga stata, injini inazunguka au haizunguki? Isipozunguka, chimba kwenye betri, nyaya na stata. Plagi, nozeli na pampu ya mafuta ziache zilivyo. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, betri na stata hazina kosa, sasa tafuta cheche na mafuta. Pesa nyingi hupotea gereji kwa sababu swali hilo halikuulizwa.

Mafundi, habari za kazi. Nina Corolla 110, injini ya 5A. Asubuhi nikizungusha ufunguo nasikia "ta!" moja, halafu kimya. Nikirudia mara tano sita inawaka. Taa zinawaka vizuri na honi inalia. Nimenunua betri mpya, NS60, shida iko palepale. Fundi wa mtaani akiigonga stata kwa spana inakubali, na sasa anasema ninunue stata nzima ya mtumba. — Msomaji, Tabata

Nzuri, ndugu yetu. Stata nzima usinunue kwanza.

Taa kuwaka si ushahidi kwamba stata inapata umeme wa kutosha. Taa za mbele zinavuta kama ampea 10, stata inavuta zaidi ya 100. Chukua kiungo kimoja chenye kutu, chenye ukinzani wa omu 0.01 tu. Kwa taa utapoteza hapo volti 0.1, jicho haliwezi kuona. Kwa stata inayovuta ampea 150 unapoteza volti 1.5, na hapo ndipo stata inaishia "ta".

Azima multimita, uweke kwenye volti za DC. Ng'oa fyuzi iliyoandikwa EFI (ya mfumo wa mafuta unaoendeshwa na kompyuta) kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti ili injini isiwake wakati unapima. Halafu mtu akupigie stata kwa sekunde chache huku wewe ukisoma.

Anza na betri. Ikiwa imelala usiku kucha inatakiwa kusoma volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na kama nusu ya chaji. Stata ikizunguka, isishuke chini ya 9.6. Betri mpya inaweza kushindwa kipimo hiki pia, hasa iliyokaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa.

Kisha pima upotevu. Gusa waya mmoja wa mita kwenye kichwa chenyewe cha risasi cha betri upande wa hasi, siyo kwenye klipu, na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Piga stata. Ikisoma zaidi ya 0.2, waya wa ethi, unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini, ni mbovu. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya: kutoka kichwa cha betri hadi nati nene ya stata, isizidi 0.5. Magari yanayolala karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Kunduchi, hushindwa zaidi upande wa ethi, kwa sababu chumvi ya hewani inaila kebo pale inapofungwa kwenye bodi na kwenye gia boksi. Kwa nje kebo inaonekana nzima. Ikunje karibu na kichwa chake: ukisikia inakwaruza kama mchanga, au ukichuna plastiki ukakuta shaba imegeuka unga wa kijani, badilisha kebo nzima. Kukaza nati hakutasaidia.

Kusafisha vichwa vya betri ni kazi ya dakika kumi. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza. Kijiko kimoja cha magadi soda kwenye glasi ya maji ya moto huondoa ule unga mweupe, mradi maji hayo yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, funga, ndipo upake grisi juu. Grisi ipakwe baada ya kufunga.

Nyaya zikifaulu zote, tumerudi kwenye stata yenyewe, na dalili zako zinaelekea huko. Stata hizi za Denso zina vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyofungwa kwenye stata. Ukizungusha ufunguo, pistoni yenye sahani ya shaba inajigonga juu yake na kupitisha umeme mkubwa kwenda kwenye mota. Kila kuwasha kunaunguza shaba kidogo. Baada ya miaka, kipande kimoja kinakuwa kimeliwa upande hadi sahani inagusa nusu tu, au haigusi kabisa. Ile "ta" ni pistoni inayofika mwisho wa safari bila umeme kupita. Kugonga kwa spana kunaitikisa sahani ikapata mahali pa kugusa, ndiyo maana gari linawaka.

Uhakika huu hapa. Weka mita kati ya nati mbili nene za solenoidi, ile inayotoka betri na ile inayoingia mota. Piga stata. Ukisikia "ta" na mita ikasoma karibu volti 12, shaba hazipitishi. Ikisoma karibu sifuri na mota haizunguki, shaba ni nzima na kasoro iko kwenye brashi, wengine huziita kaboni, au kwenye amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka.

Kwa shaba, fungua hasi ya betri, shusha stata kwa spana namba 12 na 14, fungua kifuniko cha nyuma ya solenoidi kwa namba 8. Badilisha shaba zote mbili pamoja na pistoni yake. Ukiweka shaba mpya na sahani ya zamani yenye mashimo, mchezo utarudi upya. Kuna mafundi wanaozisugua kwa msasa na kuzirudisha. Gari litawaka, ila shaba imezidi kuwa nyembamba na sahani sasa inasafiri mbali zaidi kuifikia. Stata ya mtumba utakayouziwa inaweza kuwa na shaba zilizochoka vilevile. Hakuna anayeifungua kabla ya kuiweka mezani.

Jambo moja zaidi. Kama ile "ta" ni hafifu, au haisikiki kabisa, pima waya mwembamba unaoingia solenoidi wakati ufunguo uko kwenye stata. Ukipata chini ya volti 8 wakati betri inasoma zaidi ya 10, umeme unapotelea kwenye swichi ya ufunguo au swichi ya gia. Gari likiwa la otomatiki, jaribu kuwasha ukiwa N. Likikubali N na kukataa P, swichi ya gia imekaa vibaya au imechafuka. Kama ni swichi ya ufunguo iliyochoka, rilei ya ampea 30, yaani swichi inayofungwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, inamaliza kazi: mguu 86 upokee waya uliokuwa ukienda stata, 85 uende ethi, 30 utoke betri kupitia fyuzi ya ampea 30, na 87 uingie kwenye solenoidi.

Shikamooni mafundi. Gari langu nalitumia wikiendi tu. Nikiliacha siku tatu, betri inakufa kabisa. Alteneta imepimwa inatoa 14.2. Betri imebadilishwa mara mbili. — Dada wa Mbezi Beach

Marahaba. Alteneta ni nzima, ilitakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limelala.

Gari la zamani lililolala linaruhusiwa kula miliampea 50, yaani ampea 0.05, kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya kompyuta. Kwa betri ya ampea-saa 50, itachukua kama siku 20 kufika nusu. Kitu kikila ampea 0.4, nusu hiyo inaisha kwa siku mbili na nusu, na hiyo ndiyo hesabu yako.

Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa hasi, hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, uweke mita katikati: upande mmoja kichwa cha betri, upande wa pili ule waya ulioufungua. Subiri dakika kumi kompyuta na alamu zilale, ndipo usome. Usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita au mita yenyewe. Kisha ng'oa fyuzi moja moja huku ukitazama. Namba ikianguka ghafla, soma kifuniko ujue fyuzi hiyo inalisha nini.

Kwa magari ya hapa mjini tunawashuku kwanza waliokuja baadaye: alamu, traka ya GPS, amplifaya, redio iliyochomekwa moja kwa moja betri. Hivi mara nyingi havipiti kwenye boksi la fyuzi kabisa, kwa hiyo fuata kila waya wa ziada unaotoka kwenye chanya ya betri. Usisahau taa ya buti. Swichi yake ikikwama, taa inawaka siku zote tatu na wewe huioni. Ukiwa umeng'oa fyuzi zote na nyaya zote za ziada, na namba haijashuka, fungua waya mnene wa alteneta na uufunike usiguse chuma. Ikishuka hapo, dayodi za alteneta zinavuja. Alteneta inaweza kutoa 14.2 mchana na kunywa betri usiku.

Carina Ti yangu asubuhi inawaka vizuri tu. Lakini nikitoka Kariakoo na foleni hadi Mbagala, nikaizima dakika tano, haiwaki tena. Stata inazunguka kwa nguvu. Nikisubiri nusu saa, inawaka kama hakuna kilichotokea. — Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

Kitu kinachopotea kwa joto kinapimwa wakati wa joto. Ukiipeleka gereji kesho yake imepoa, fundi ataikuta nzima, na atabadilisha plagi ili asikurudishe mikono mitupu. Beba ndani ya gari plagi moja ya akiba na kipande cha waya chenye urefu wa kidole.

Likigoma, anza na cheche. Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba, na ulaze mwili wa plagi kwenye chuma cha injini. Ishike kwa koleo lenye mpira, siyo kwa mkono, maana umeme huo ni wa maelfu ya volti. Mwenzako apige stata. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwa ya njano, inakatika, au hakuna kabisa, umempata mwizi: koili inayotengeneza umeme wa cheche, ignaita inayoiamuru koili, au sensa ya ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme huo kwenye plagi. Waya mwembamba uliosokotwa ndani yake hutanuka kwa joto, ukakatika penye ufa, ukipoa unaungana tena. Fungua boksi dogo lililoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kile kipande cha waya, weka ufunguo ON bila kuwasha, uhesabu taa ya injini kwenye dashibodi. Moja, pumziko, nne, ni kodi (namba ya kosa) 14: kompyuta haipati jibu kutoka kwenye ignaita. Moja, pumziko, mbili, ni 12: haipati ishara ya mzunguko kutoka kwenye sensa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, haijaandika kosa lolote. Kuna wanaomwagia distributa maji ili ipoe haraka. Maji yakiingia chini ya kifuniko, utakuwa na tatizo la pili.

Cheche ikiwa nzima, nenda kwenye mafuta. Katika boksi lilelile unganisha FP na +B, ufunguo ON. Pampu inatakiwa ilie muda wote. Fungua mfuniko wa tangi usikilize. Kimya? Gonga chini ya tangi kwa ngumi au nyundo ya mpira. Ikizinduka, mota ya pampu imechoka. Ikilia lakini gari haliwaki, fundi apime presha: kilo 2.7 hadi 3.1 kwa sentimita ya mraba, mpira mdogo wa vakyumu wa regyuleta ukiwa umechomolewa.

Na hapa tuseme wazi, kutembelea taa ya mafuta kunaua pampu. Pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli inayoizunguka. Ukiweka mafuta ya elfu kumi kila siku, inafanya kazi ikiwa nusu kavu, na soksi yake, yaani chujio la mdomoni mwake, inanyonya uchafu wote wa chini. Ukibadilisha pampu, badilisha na soksi, osha tangi, weka filta mpya.

Ikiwa cheche ipo, presha ipo, na plagi zikitolewa zinanuka petroli na zimelowa, injini inazidishiwa mafuta. Pima sensa ya joto la maji: injini ikiwa baridi, karibu nyuzi 20, isome omu 2,000 hadi 3,000, ikiwa nyuzi 80, omu 200 hadi 400. Ikibaki kwenye maelfu wakati injini ni moto, kompyuta inadhani bado ni alfajiri. Kodi yake ni 22, ila sensa inayodanganya kidogo haiandiki kodi, kwa hiyo usitegemee taa peke yake.

Kirikuu yangu ya kabureta nikishaikosa mara mbili, inanuka petroli na haiwaki tena mpaka ikae. — Mfanyabiashara, Buguruni

Umeizamisha. Rudisha choki ndani, kanyaga mafuta hadi chini na ukae hapo hapo bila kupampu, piga stata sekunde 10, pumzisha stata dakika moja, rudia. Ikishindikana, toa plagi, kausha, sugua. Ikiwa hili linatokea hata bila kuvuta choki, sindano ya floti, inayozuia petroli kabureta ikijaa, haifungi. Kit ya kabureta ina sindano na gasketi zake. Asubuhi Dar hakuna baridi ya kuhitaji choki kamili, vuta nusu na uirudishe injini ikishika.

Mvua ya masika, nimepita Jangwani, maji yakafika kwenye bampa, gari likazima. Vijana wamelisukuma nje. Niliwashe? — Ujumbe wa simu

Usiwashe. Fungua kwanza chujio la hewa. Likiwa kavu, huenda ni distributa na nyaya tu zimelowa: fungua kifuniko cha distributa, futa kwa kitambaa kikavu ndani na nje, kausha na nyaya, jaribu.

Chujio likiwa limelowa, maji yanaweza kuwa juu ya pistoni, na maji hayagandamiziki. Stata ikilazimisha, konrodi, ule mkono unaobeba pistoni, inapinda. Injini ikishika ghafla, konrodi inaweza kutoboa bloku. Lipeleke kwa kuvutwa, gia ikiwa huru. Fundi atoe plagi zote, ang'oe fyuzi ya EFI na plagi ya umeme ya distributa, azungushe injini kwa spana kwenye puli ya chini mizunguko miwili kamili, ndipo apige stata kwa muda mfupi. Simameni pembeni, maji hutoka kwenye matundu ya plagi kwa kasi. Kisha achomoe dipstiki. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe pamoja na filta kabla injini haijawashwa, na imwagwe tena baada ya kuendesha kidogo. Oili ya gia boksi ya otomatiki ikaguliwe vilevile.

Hilux ya dizeli, injini 3L. Asubuhi napiga stata hadi betri inalegea ndipo inawaka. Mchana haina shida. — Mzee wa Kigamboni

Shikamoo mzee wetu. Mtu mmoja asimame nyuma atazame ekzosi wakati unapiga stata asubuhi. Moshi huo ndio utakaosema.

Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika lakini haiungui. Injini hii inachomea mafuta kwenye chumba kidogo cha pembeni, na hata kwa asubuhi zetu za joto inahitaji hita plagi. Ondoa bati linaloziunganisha, chukua balbu ya volti 12, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye ncha ya kila hita plagi. Balbu isipowaka, plagi hiyo imekatika. Usizijaribu kwa kuzipa umeme wa betri moja kwa moja bila kusoma volti iliyoandikwa juu yake, kwani zipo zilizotengenezwa kwa volti pungufu ya 12 na zitaungua. Zikiwa nzima zote, pima kama rilei yake inazipa umeme, kisha kompresheni.

Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Usiku hewa inapenya mahali fulani na mafuta yanarudi tangini. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, pampu kwa mkono ile pampu iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu. Gari likiwaka mara moja, tafuta hewa: mipira iliyopasuka, klipu zilizolegea, oringi ya filta, na ile pampu ya mkono yenyewe, mpira wake wa ndani huchoka. Kipande cha mpira unaoonesha ndani, ukikifunga kabla ya filta na kingine baada yake, kitakuonesha povu linaanzia wapi. Sikiliza pia solenoidi ya kukata mafuta juu ya pampu ya dizeli, inatakiwa ilie "ta" ufunguo ukiwekwa ON.

Gari la otomatiki linawashwa kwa kusukumwa? — Maswali kutoka kwa wengi

Haliwaki. Injini ikiwa imezima, hakuna presha ya oili ndani ya gia boksi, kwa hiyo magurudumu hayawezi kuizungusha injini. Dawa ni busti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa nyaya zenye klipu, ukizifunga kwa mpangilio huu. Chanya ya betri iliyokufa, chanya ya betri nzima, hasi ya betri nzima, na klipu ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa kuwa cheche ya mwisho karibu na gesi ya betri inaweza kuilipua. Acha gari zima liungurume dakika tano ndipo upige stata. Kutoa ni kinyume chake. Lori la volti 24 likijitolea kukusaidia, likatae kwa heshima.